Barua ya kufunga muhula: jora la Halifax na ngazi 39 za Stoodley Pike

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, Halifax

Wapendwa wazazi,

Salaam nyingi. Muhula wa kiangazi tumeufunga salama na ripoti za watoto mtazikuta ndani ya bahasha hii. Kuhusu alama sina la kuongeza, walimu wameshaandika. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni yale matembezi yetu katika bonde la mto Calder, hapa Yorkshire, Uingereza, kwa sababu huko mtoto mmoja aliniuliza swali ambalo mpaka leo linanirudia.

Tulianzia hapa hapa mjini, Piece Hall. Wengi wenu mnalikatiza lile jumba mkienda sokoni. Lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1779, lilijengwa na vyumba 315 vilivyozunguka uwanja mmoja, na siku yake ya soko ilikuwa Jumamosi. Watu walishuka kutoka milimani na vitambaa vya sufu walivyofuma kwa mkono majumbani mwao, wakaja kuviuza. Nilikuwa nahangaika kuwaeleza watoto hiyo "piece" ni kitu gani. Bibi wa mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Barawa katika pwani ya Somalia, alikuwa ametusindikiza. Akauliza urefu wake. Nikamwambia ni kama yadi 30. "Basi si jora hilo, mwalimu!" Tangu siku hiyo watoto wanaliita Jumba la Majora, nami nimelipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Bibi huyo ndiye aliyetufundisha Heptonstall pia. Kijiji hicho kiko juu ya mji wa Hebden Bridge, na njia yake ya mawe inapanda mpaka pumzi inakukatika. Nyumba za wafumaji utazitambua kwa madirisha yake: yamebanana mstari mmoja, maana mfumaji alihitaji mwanga wa kutosha kuona nyuzi zake. Bibi alisimama chini ya madirisha hayo, akatandaza vidole vya mkono wa kushoto, kisha akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya kimoja, chini ya kingine. "Hivi vilivyosimama ni mtande. Hiki kinachopita ni mshindio." Watoto wote wakamwiga, mikono juu, katikati ya njia. Maneno hayo hayamo katika kitabu tunachosomeshea. Sasa yamo katika madaftari yao.

Katika uwanja mmoja wa kijiji hicho yapo makanisa mawili. La kale ni la karne ya 13. Dhoruba ya mwaka 1847 ililiharibu, likajengwa jipya kando yake, na la zamani likaachwa limesimama bila paa. Msichana mmoja aliyepelekwa likizo Malindi alisema linamkumbusha magofu ya Gede. Aliona vizuri.

Safari iliyofuata ilikuwa Gibson Mill, kiwanda cha pamba kilichojengwa karibu mwaka 1800 ndani ya msitu wa Hardcastle Crags, kikiendeshwa kwa nguvu za maji ya kijito. Mwaka 1833 kilikuwa na wafanyakazi 21, kila mmoja akifanya kazi kwa wastani wa saa 72 kwa wiki. Tulipiga hesabu pale pale: siku sita, saa 12 kila siku. Watoto wakanyamaza. Kisha mmoja akauliza pamba ilitoka wapi, kwa kuwa Yorkshire haioti. Hapo sikuwaficha. Kwa miaka mingi pamba ya viwanda vya Uingereza ilitoka Marekani, ikichumwa na watu waliofanywa watumwa. Baadaye, mwaka 1902, wenye viwanda walianzisha chama Manchester cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, na Uganda ikawamo. Jioni ile mzazi mmoja alinipigia simu kunieleza kwamba babu yake alilima pamba Busoga. Ndugu mzazi, mwanao anastahili kuisikia habari hiyo kutoka kwako kabla ya kuisikia kwangu.

Mwisho tulipanda Stoodley Pike, kilima chenye mnara kileleni. Mnara wa kwanza ulijengwa kuadhimisha kushindwa kwa Napoleon, ukaanguka mwaka 1854. Huu wa sasa ulikamilika mwaka 1856 na una kimo cha futi 121. Ndani kuna ngazi 39, na katikati yake ni giza tupu. Wadogo waliogopa. Tukashikana mikono, ukuta wa baridi ubavuni, tukahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka "thelathini na tisa!" tukatokea kwenye upepo. Chini yetu bonde zima: mto, reli, na mfereji wa Rochdale unaokatiza milima tangu mwaka 1804.

Hapo ndipo kijana wa miaka tisa, mzaliwa wa hapa hapa Halifax, alipouliza: "Mwalimu, hivi vyote ni vya kwetu au ni vya kwao?"

Nilimwambia ni vya kwetu. Lakini wazazi wangu, jibu langu halitoshi. Mtoto anaamini pahali ni pake pale mama na baba wanapomshika mkono kumpeleka. Ninawaomba sana, likizo hii watoeni. Piece Hall hakuna kiingilio, mnara hakuna kiingilio, na njia ya kando ya mfereji ni ya kila mtu. Mkifika kwenye yale malango yanayopandisha na kushusha mashua, mtusaidie jina lake kwa Kiswahili. Darasa limegawanyika: wa Congo wana lao, wa Mombasa wana lao.

Masomo yataanza Jumamosi ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi. Bibi wa Barawa amekubali kuja siku hiyo. Kila mtoto aje na kipande cha boksi gumu na uzi wa sufu wa rangi mbili, mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu