Kabla Hujaipakia Kompyuta Kwenye Boti

Goma, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Nimepokea ujumbe wako, na nimefurahi kusikia kwamba Papa Neema amepata nafuu na kwamba watoto wamerudi shuleni. Unasema kompyuta ya ofisi yenu imekuwa nzito kiasi kwamba unaiwasha, unakwenda kuteka maji, unarudi, na bado haijafunguka. Kwamba fundi wa pale Nyawera, huko Bukavu, amekushauri uifomati, yaani ifutwe yote na kuwekwa Windows upya. Na kwamba wewe ungependelea kuipakia kwenye boti ili niitazame mimi mwenyewe huku Goma. Nashukuru kwa imani hiyo. Hata hivyo nakuomba usiifomati wala usiipakie kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho, maana ndani ya mashine hiyo mna alama za wanafunzi za miaka kadhaa, majina na namba za simu za wazazi, na picha za hati ya kiwanja chenu, na kwa jinsi ulivyoniandikia, sioni kwamba vitu hivyo viko mahali pengine popote.

Kufomati ni kazi rahisi kwa fundi. Kunamwondolea usumbufu wa kutafuta chanzo cha ubovu, mashine inarudi nyepesi, mteja anaondoka akiwa na furaha, na wiki inayofuata anagundua kwamba faili alizokuwa ameziweka kwenye sura ya mbele ya kompyuta hazipo tena. Mtu akikuambia kwamba atakuhifadhia kila kitu kwenye flashi yake, mwombe afanye hivyo mbele ya macho yako, kisha uzifungue faili chache kwenye kompyuta nyingine kabla hajagusa chochote. Nakala ambayo hujawahi kuifungua kwenye mashine nyingine usiihesabu. Tena usidhani kwamba kila kitu kiko kwenye folda ya Documents: angalia Bureau, yaani ile sura ya mbele, angalia Téléchargements, yaani vilivyopakuliwa, na umuulize aliyewafungia ile programu ya alama ni wapi inapoweka data zake, kwa sababu programu za namna hiyo mara nyingi huwa na folda yao ya pekee kwenye diski C, na fundi asiyeijua ataipita bila kuiona.

Kuhusu mahali pa kuweka nakala, ninyi wa Bukavu huwa mnatucheka sisi wa Goma kwa kulala na mabegi yaliyofungwa tayari, lakini volkano yetu ya Nyiragongo imetufundisha. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena hadi Buhene, pembezoni mwa mji, na tarehe 27 Mei ikatolewa amri ya kuhamisha sehemu kubwa ya mji, watu wakatawanyika kuelekea Sake, Minova, Rwanda na huko kwenu. Mtu aliyekuwa na kompyuta yake na diski ya nje katika droo moja hakuwa na nakala mbili siku hiyo. Alikuwa na moja tu, na ilikwenda pamoja na nyumba. Kwenu hakuna volkano karibu, ila kuna moto unaoteketeza nyumba za mbao kule Kadutu, na kuna mwizi anayechukua begi zima bila kuuliza kilichomo. Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ambayo mafundi duniani kote huirudia: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja kati ya hizo ikae mbali. Katika hali yako, ya kwanza ni ile iliyo kwenye kompyuta, ya pili iwe kwenye diski ya nje inayolala nyumbani kwako na si ofisini, na ya tatu iwe kwenye akaunti ya Google ya shule.

Najua utaniambia kwamba megabaiti ni ghali. Ni kweli, lakini tazama uzito wa faili zenyewe kabla hujakata tamaa. Jedwali la Excel la darasa zima kwa mwaka mzima kwa kawaida halifiki megabaiti moja. Barua zote ulizowaandikia wazazi tangu uanze kazi huenda ni nyepesi kuliko video moja ya harusi. Kinachojaza mashine na kinachostahili kuhifadhiwa si kitu kimoja. Google inatoa gigabaiti 15 bila malipo kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja, na nafasi hiyo inawatosha sana kwa hati za shule mkiacha picha za sherehe pembeni. Ila akaunti hiyo ifunguliwe mara kwa mara, kwa kuwa Google hujipa haki ya kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili.

Unapokwenda kununua diski, usidanganyike na flashi ya terabaiti 2 inayouzwa kwa dola kumi barabarani. Nimeletewa nyingi za aina hiyo. Ndani yake mna gigabaiti chache tu, lakini chipu yake imepangwa iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Unanakili faili za kwanza na zinafunguka vizuri, unaendelea kujaza, na zile za baadaye zinaonekana kwa majina tu, ukizifungua hamna kitu. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw inayoijaza flashi yote kisha inaisoma tena kuona kama ilichoandika kipo. Ijaribu siku ya kwanza, kabla hujaweka humo kitu unachokipenda, na muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Sasa tuje kwenye uzito wenyewe. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kompyuta inajishughulisha na nini. Tazama asilimia za Processeur, Mémoire na Disque, yaani kichakataji, kumbukumbu na diski. Ikiwa diski imekaa kwenye 100 wakati wewe hufanyi chochote, na mashine ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 kama zilivyo nyingi za umri huo, nina hakika karibu kamili kwamba tatizo si kirusi. Kumbukumbu inapojaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi yake kwenye diski, na diski za zamani, zenye sahani inayozunguka na kisomeo kinachotembea juu yake, ni za polepole mno kwa kazi hiyo. Katika dirisha hilohilo kuna ukurasa wa programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Zima zile usizozihitaji, hasa programu za kupigia simu za video na zile antivirusi mbili zinazogombana. Moja inatosha, na ile inayokuja na Windows yenyewe si mbaya hata kidogo. Ukiona bado inajikokota, dawa ni kubadilisha diski na kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Nimeona kompyuta ambazo wenyewe walikuwa wameshazitupa kabatini zikirudi kazini kwa badiliko hilo peke yake.

Jambo moja ni la haraka. Ukiisikia diski ikitoa mlio wa tik-tik unaojirudia, zima mashine papo hapo, usijaribu kuiwasha tena kuona kama imepona, maana kila ikizunguka inaweza kujikwaruza zaidi. Hapo ndipo ninapokubali iletwe kwangu, ikiwa imezimwa kabisa na si kulazwa tu, na imefungwa kwenye nguo.

Kuhusu zile folda za flashi yako ulizoniandikia kwamba zimegeuka alama zenye mshale, hilo nalijua vizuri, kwa kuwa wateja watatu kati ya watano wanaokuja kwangu na flashi huja nalo. Unachomeka flashi kwenye kompyuta ya pale unapotoa fotokopi, unachapisha kurasa mbili, unarudi ofisini, na kila folda imekuwa na kishale kidogo kwenye kona na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Faili zako hazijaenda popote. Kirusi kimezificha na kuweka mahali pake njia ya mkato inayokiwasha chenyewe kila unapoibofya, kwa hiyo usiibofye, na zaidi ya yote usiifomati flashi kwa hasira. Kuonyesha vitu vilivyofichwa kwa njia ya kawaida hakutoshi, kwa kuwa faili hizo zimepewa pia alama ya faili za mfumo. Fungua lile dirisha jeusi la amri (cmd), na ikiwa flashi inaitwa E, andika hivi: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Entrée (Enter) na usubiri. Folda zako zitajitokeza tena; nakili hati zako tu, futa zile njia za mkato pamoja na faili yoyote usiyoijua, halafu uipitishe antivirusi kwenye flashi na kwenye kompyuta pia, la sivyo itaambukizwa upya dakika hiyohiyo. Flashi ya kupeleka kuchapisha iwe ya peke yake, yenye zile kurasa mbili tu, na si ile iliyobeba alama za shule nzima.

Hapo kwenye fotokopi kuna hatari nyingine ambayo watu hawaijali. Unamtumia kijana picha ya kadi yako ya mpiga kura ili akuchapishie, anaihifadhi kwenye kompyuta yake, unalipa, unaondoka, na kadi yako inabaki pale pamoja na za watu wengine wote wa mtaa, ikimsubiri yeyote atakayetaka kusajili laini ya simu kwa jina lako. Simama hadi aifute, na aifute pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Kama ulifungua WhatsApp yako kwenye mashine yake, ingia kwenye simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone kama bado umo, na ujitoe. Ukiwa humo, washa ule uthibitisho wa hatua mbili wenye namba sita za siri, kwa sababu wezi wa siku hizi hawaibi simu, wanaomba tu zile namba za usajili zilizokujia kwa SMS wakijifanya ni shemeji au mtu wa kanisa. Namba hizo hazipewi mtu yeyote, hata mimi.

Kuhusu masasisho ya Windows, najua umeyazima ili yasile megabaiti, na sikulaumu. Lakini kumbuka kisa cha tarehe 12 Mei 2017, siku ambayo kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hadi hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani na viwanda vya Renault kule Ufaransa vikasimama. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia, tangu mwezi Machi. Wengi wa walioumia hawakuwa wamekiweka. Kama mashine yenu bado ni Windows 10, ujue pia kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazimika kwa sababu hiyo, ila kila mwezi unaopita inazidi kuwa wazi kwa wenye nia mbaya, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotegemea nakala iliyo ndani yake peke yake.

Kilichobaki ni takataka, na hapa niruhusu nikuseme kidogo, kwa kuwa niliona picha ya skrini uliyonitumia. Nilihesabu humo "bulletin final", "bulletin final vrai", "bulletin final corrigé" na "bulletin final dernier", zote ripoti za alama zinazojiita za mwisho, na wewe mwenyewe huwezi kuniambia ni ipi iliyosainiwa na mkuu wa shule. Acha neno final. Anza jina la faili kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2026-02-14, halafu darasa. Kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano na ya mwisho itakuwa ya mwisho kweli. Folda ziwe chache, moja kwa kila mwaka wa masomo inatosha, kwa sababu mtu anayejenga folda ndani ya folda hadi ngazi ya sita haweki utaratibu, anaficha vitu vyake mwenyewe. Na kwenye simu, zima upakuaji wa papo kwa papo wa video za makundi, kisha ingia kwenye sehemu ya kusimamia nafasi ndani ya WhatsApp, ambako utaona kwanza zilizosambazwa mara nyingi na zilizozidi megabaiti 5. Yale maua ya kutakiana asubuhi njema kwenye kundi la kwaya futa bila huruma. Kwaya haitajua.

Fanya nakala kwanza, Mama Neema, kabla ya jambo lingine lolote. Kisha geuza kompyuta, uniandikie modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini kama ilivyo, herufi kwa herufi, pamoja na zile asilimia za Processeur, Mémoire na Disque, kwa sababu SSD ziko za inchi 2.5 na ziko zile nyembamba za M.2, na moja haiingii mahali pa nyingine. Nikijua ni ipi nitakutafutia hapa, na nitakuelekeza kwa simu jinsi ya kuifunga. Skrubu zenyewe si nyingi, na Neema ana vidole vyembamba.

Msalimie sana Papa Neema, na watoto wote.

Ndugu yako,
Bahati