Kabla hujauliza bei ya kamera, tuambie kompyuta yako ikoje

Alikuja dada mmoja dukani, fundi cherehani anayefundisha kukata magauni mtandaoni. Kamera yake ni ya mtumba, lenzi safi, haina hata ukungu. Tatizo lake: kila akiicheza video, mistari myeusi inapanda taratibu kwenye ukuta wa nyuma. Alishaambiwa sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, imekufa, na alikuwa tayari kuiuza kwa bei ya kutupa.

Sensa ilikuwa nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya tyubu chumbani kwake inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, macho hayaoni ila kamera inaona. Yeye alikuwa kwenye NTSC, mpangilio wa video wa nchi zenye umeme wa hezi 60 kama Marekani: fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, na shata, muda wa kunasa kila picha, 1/60 ya sekunde. Tukaihamishia PAL, mpangilio wa nchi za hezi 50, fremu 25, shata 1/50, tukaielekeza kwenye tyubu ya hapa dukani. Mistari hakuna. Kama kamera yako haina PAL, baki na fremu 30 lakini shata iwe 1/50 au 1/100, utapona vilevile.

Tumemtaja kwa sababu wateja wengi wanaingia wakiwa na swali moja tu: "Inapiga 4K?" Yaani video yenye pikseli, vile vidoti vya picha, mara nne ya Full HD ya kawaida. Karibu kamera zote zinapiga siku hizi, hata simu. Swali letu ni je, utazipeleka wapi hizo 4K? Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban MB 750 kila dakika (megabiti 8 ni MB 1). Somo la dakika 20 ni GB 15. Full HD ya megabiti 25 kwa somo hilohilo haifiki GB 4, na mtazamaji wako anaangalia kwenye simu, tena anabana bando. Wakati wa kupandisha, YouTube wenyewe wanapendekeza megabiti 8 kwa Full HD ya fremu 25, yaani MB 60 hivi kwa dakika. Hesabu bando lako hapo.

Kuna sababu moja ya 4K tunayoikubali bila ubishi: ukitaka video ya kulala ya YouTube na ya kusimama ya TikTok kutoka rekodi moja. Ukikata kipande cha kusimama katikati ya Full HD unabaki na upana wa pikseli 600 na kitu, picha inakuwa ukungu. Kwenye 4K unabaki na zaidi ya 1,200, inatosha. Mpishi naye anafaidika, maana anaweza kuvuta picha hadi kwenye mikono bila kusogeza kamera.

Kinachowaliza watu zaidi ni H.265, njia mpya zaidi ya kubana faili la video. Faili lake ni dogo, karibu nusu ya H.264, njia iliyoitangulia, kwa ubora uleule, ila kompyuta ya zamani inahangaika kulifungua: sauti inatangulia, picha inakwama. iPhone zinaweza kurekodi hivyo tangu iOS 11 ya 2017, na wengi hawajui. Nenda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, uchague Most Compatible. Kamera nyingine zina chaguo kama hilo kwenye menyu. Kwa kompyuta ya kawaida, MP4 ya H.264 haitakusumbua.

Zile kamera ndogo za harusi zinazotoa mafaili ya MTS bado zinafaa, na bei yake ni nafuu. Angalia tu zisiwe kwenye 50i, inayorekodi picha nusunusu kwa mistari, maana ukipunga mkono haraka kingo zinakatika kama meno ya chanuo. Weka 50p au 25p, zinazorekodi picha nzima, kama ipo.

Na chenji ikibaki, nunua maiki ya kubana kwenye kola. Picha ya wastani watu wanaivumilia, sauti ya mwangwi wanaikimbia.

Ukija kununua, beba kompyuta yako. Tunarekodi dakika mbili hapo kaunta, tunaliingiza faili kwenye programu unayohariria, tunalikata mara tatu nne. Likikwama tunabadilisha fomati, likigoma kabisa tunakuonyesha kamera nyingine, na pesa yako bado iko mfukoni.