Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa: kanda za wazee wetu na sauti zetu zisigawiwe bure kwa mashine

Mheshimiwa Waziri, salaam nyingi na pole na majukumu.

Mimi ni mpiga gitaa, napiga solo, nimeingia bendi za dansi hapa Dar mwaka 2001 na mpaka leo hii ndo kazi inayolisha nyumba yangu, sina nyingine. Wikiendi nipo jukwaani, katikati ya wiki nazunguka studio, prodyuza akiwa na wimbo unaotaka gitaa la mkono ananipigia simu naenda naingiza nalipwa hapohapo naondoka. Jina langu hulioni popote na mirabaha siipati, ila mkono wangu unausikia kwenye nyimbo za harusi, kwenye kwaya, kwenye matangazo ya redio. Tupo wengi wa hivi Mheshimiwa, wapiga besi, wapiga tumba, wadada wa kuitikia, na hii akili mnemba inatufikia sisi kwanza kabla haijamfikia staa, maana staa watu wanamfata kwa jina lake na sura yake, sisi tunauza lisaa limoja la mkono au la koo basi, na hilo lisaa ndo mashine inaliuza sasa hivi kwa bei ya bando.

Nikwambie lilivyonikuta. Kuna mteja mmoja tulikuwa tunamfanyia nyimbo za matangazo karibu miaka sita, kila tangazo jipya tunaitwa watu wanne, kila mtu anapata elfu hamsini yake, wengine zaidi kidogo. Mwaka jana simu haikuja. Siku moja nipo kwenye daladala natoka Mbagala, redio imewashwa, nasikia tangazo lake jipya, wimbo mzuri tu, gitaa lipo, sauti ya mwanamke ipo, waitikiaji wapo. Nikajua kuna vijana wamepewa kazi, nikasema sawa ndo riziki. Ila nikasikiliza vizuri, yule mwanamke anatamka ng'ombe kama vile anasema "gombe", na sisi watu wa hapa hatukosei ng'ombe hata tukiwa usingizini. Nikampigia prodyuza, akaniambia kaka ile imetoka kwenye programu, wameandika maneno tu, dakika mbili wimbo umetoka.

Mteja simlaumu, kila mtu anabana matumizi. Kilichoniumiza ni lile gitaa. Lile gitaa lilikuwa letu. Rizimu inatembea chini taratibu, solo inaingia juu inadonoa nyuzi nyembamba mbilimbili afu inarudi kumjibu mwimbaji, huo mchezo haukuanzia Marekani, huo ni wa bendi za Morogoro, Tabora, Tanga na Dar, wa kina Mbaraka Mwinshehe na wenzake, na mimi nimeujua kwa kukaa miaka miwili pembeni ya mzee mmoja nabeba spika zake ndo akaniruhusu nishike gitaa lake. Mashine yenyewe imebeba spika za nani?

Hilo swali lina jibu ujue. Juni 2024 makampuni makubwa ya rekodi ya Marekani yalizishtaki Suno na Udio, hizi programu mbili za kutengeneza nyimbo, na Agosti mwaka huohuo Suno wenyewe kwenye majibu yao mahakamani walikubali kwamba walichofundishia mashine yao ni kama mafaili yote ya muziki yenye ubora wa kutosha yanayofikika wazi kwenye intaneti, makumi ya mamilioni ya rekodi. Wakajitetea kwamba sheria ya kwao inawaruhusu. Sasa Mheshimiwa nyimbo za bendi zetu za zamani zimejaa YouTube, kila mtu anapandisha anavyotaka, ukisema umechukua karibu kila kitu kilicho wazi basi na za wazee wetu umezichukua. Na baada ya hapo yale makampuni makubwa yakaanza kukaa mezani, Universal wakaelewana na Udio Oktoba 2025, Warner wakaelewana na Suno Novemba 2025. Wenye wanasheria wamepata kiti mezani, sasa naomba uniambie aliyekaa pale kwa niaba ya familia ya mpiga tumba wa Western Jazz, bendi yetu ya zamani, ni nani.

Na hapa ndo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike hii barua, zile kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Wewe unajua historia, miaka ile huku kwetu bendi karibu zote zilikuwa zinarekodi Redio Tanzania, NUTA Jazz iliyoanza 1964, Western, Atomic, Tabora, Cuban Marimba, taarab, ngoma za mikoani, kwaya, vyote viliingia kwenye kanda pale Barabara ya Pugu na leo viko mikononi mwa TBC. Ni hazina ambayo nchi chache Afrika zinayo. Na haitunzwi kwenye mtandao yote, nyingine ipo kwenye kanda tu, ndo maana kwa hawa watu wa mashine ni mali kuliko hata zilizoko YouTube, kwa sababu walizoziokota intaneti wameshamaliza kuzila, sasa hivi wanatafuta ambazo hazijaliwa. Atakuja mtu na suti nzuri, atasema tunawasaidia kuzihifadhi kidijitali bure, vifaa tunaleta wenyewe, nyinyi sainini tu hapa. Na ndani ya yale makaratasi kutakuwa na mstari mmoja unaompa ruhusa ya kuzitumia kufundishia mashine yake. Kuhifadhi nataka, kanda zinaoza, zihifadhiwe hata kesho. Ila huo mstari mmoja usisainiwe mpaka familia za wale wazee ziitwe, zijulishwe, na malipo yao yaandikwe.

Na muda hatuna. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali 1965, piga hesabu, ilishaisha 2015. Mbaraka alikufa kwa ajali Mombasa Januari 1979, ya kwake inaisha mwishoni mwa 2029. Keshokutwa hiyo. Sheria iliandikwa ikimfikiria mtu atakayeimba upya wimbo wa marehemu jukwaani, haikumfikiria anayeweza kumfanya marehemu mwenyewe aimbe wimbo mpya.

Kuna watu watakwambia wanamuziki wanaogopa kila kitu kipya, waache walie watazoea. Sio kweli. Santuri ilipokuja, Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kuweka sauti yake, mashine ilimhitaji yeye na koo lake. Kinanda kilipokuja bendi nyingi zilipunguza wapiga tarumbeta na iliuma, lakini kinanda kilitaka mpigaji. Kompyuta ikaja, vijana wa Manzese na Mburahati wakachukua vipande vya taarab wakavikimbiza mbio wakazaa singeli, leo singeli inapigwa kwenye matamasha Ulaya, mtaa mzima umepata kazi, dija, MC, mcheza shoo, na mimi mwenyewe nimeshaingiza gitaa kwenye singeli na nalipenda lile vurugu lake. Kila mashine iliyokuja ilikuja na nafasi ya mtu. Hii ya sasa imekuja ikiwa imeshatuchukua tulichokuwa nacho, afu inarudi kushindana na sisi kwenye tenda ileile.

Na wingi wake unatisha. Deezer, hawa Wafaransa wa kusikiliza muziki mtandaoni, Januari 2025 walisema wanapokea nyimbo elfu 10 kwa siku zilizotengenezwa na mashine tupu. Novemba mwaka huohuo zikawa elfu 50 kwa siku, theluthi ya nyimbo zote walizokuwa wanapokea. Kijana wa Tandika anayejichanga atoe wimbo mmoja kwa miezi mitatu anamwagiwa huo mchanga wote juu ya kichwa. Na CISAC, shirikisho la vyama vya hakimiliki duniani, Desemba 2024 walitoa utafiti kwamba ifikapo 2028 asilimia 24 ya mapato ya watunzi wa muziki iko hatarini, na hapo wanahesabu watu ambao angalau mapato yao yanahesabika, mimi wa elfu hamsini mkononi simo.

Yapo yanayofanyika huko nje. Jimbo la Tennessee kule Marekani, lenye miji ya muziki ya Nashville na Memphis, 2024 walipitisha sheria kwamba sauti ya mtu ni mali yake, ukiigiza sauti ya mtu kwa mashine bila ruhusa unashtakiwa. Ujerumani, GEMA ambacho ni chama cha hakimiliki, kama COSOTA yetu ilivyokuwa kabla haijageuzwa Ofisi ya Hakimiliki, kiliishtaki OpenAI, wenye ChatGPT, kwa mashairi ya nyimbo na Novemba 2025 mahakama ya Munich ikakipa ushindi, ingawa rufaa inaruhusiwa. Chama cha hakimiliki tu Mheshimiwa. Hapa kwetu kuna tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kunakili kazi ya msanii, na mimi nimeiunga mkono hiyo tozo. Sasa kama kifaa kinachoweza kunakili kinalipia, kampuni iliyonakili kila kitu ikaanza kuuza hapahapa nchini kwa malipo ya kila mwezi inaachwaje?

Naomba pia uangalie nyumbani kwako mwenyewe. Serikali ndo mteja mkubwa wa nyimbo za hamasa, sensa, chanjo, usafi, uchaguzi, kila halmashauri inataka wimbo wake. Toa waraka kwamba nyimbo zinazolipiwa na pesa ya umma ziimbwe na kupigwa na watu, na majina yao yaandikwe. Hilo halihitaji bunge wala mahakama, linahitaji saini yako, na mwezi huohuo utaona studio za mikoani zimeamka. La sheria ya sauti najua litachukua muda, basi lianze.

Mwimbaji wetu wa bendi ana miaka 71. Mwezi uliopita kijana mmoja alimletea klipu, anasikia sauti yake inaimba wimbo ambao hajawahi kuuimba, kijana amefanya kwa mapenzi tu wala hakuwa na nia mbaya, alidhani mzee atafurahi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba airudie, akasikiliza tena. Akaniuliza, hii ikiendelea kuimba nikishaenda zangu, wanangu watamdai nani? Nilikosa cha kumjibu nikamwambia nitamuuliza Waziri. Ndo nimekuuliza Mheshimiwa, na jibu lako likija nitampelekea mwenyewe kwa mkono.