Waacheni wanafunzi waandike waliyoyaona wao wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu insha, juu naona hili jambo linawaumiza watoto na sisi walimu na wazazi ndio tunalisukuma. Chukua insha za gredi ya saba shule yoyote ile usome mwanzo tu, majogoo yamewika, mtoto amerauka, ameoga, amestaftahi, alafu wanaabiri gari la kwenda Mombasa linalokwenda kasi ya umeme mpaka ajali inatokea na machozi yanamtiririka njia mbilimbili. Huyo mtoto hajawahi kufika Mombasa. Na hajawahi kuulizwa na mtu mzima yeyote, wewe umeona nini?

Hii tabia imetoka mbali. Kwa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtoto alikuwa na dakika 40 za kuandika insha ya alama 40, kwa hivyo tukaona ni heri akariri utangulizi na misemo akifika pale aimwage yote. KCPE iliisha 2023 lakini bado tunafundisha vilevile mpaka sekondari. Sasa ukiangalia ile karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, iko na swali la methali na lile la mdokezo ambapo mwanafunzi anapewa maneno ya kuanzia ama ya kumalizia, yote mawili yanataka kisa, na mtu ambaye kila siku amepewa kisa cha wenyewe atatoa wapi chake?

Mimi nafundisha hapa Naivasha. Kuna mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniambia mwalimu mimi sina kitu cha kuandika, maisha yangu ni ya kawaida tu. Nikamuuliza kwenu ni wapi, akasema Kihoto. Kihoto, ambako maji ya ziwa yalipanda 2020 yakaingia ndani ya nyumba watu wakahama! Basi nikaanza kumuuliza vitu vidogovidogo, maji yalikuwa yamefika wapi mlipotoka, wewe ulibeba nini, nani alibaki nyuma, usiku mlikuwa mnasikia nini. Akasema walikuwa wanasikia viboko wakila nyasi karibu na choo kwa hivyo mamake akawapea ndoo hakuna kutoka nje, na siku ya kuhama babake alibeba meza kwanza akaacha godoro, mamake akanuna siku nzima juu ya hiyo meza. Nikamwambia andika hiyo meza pekee, usianze na jogoo, anza mzee akiwa ameinua meza maji yakiwa magotini. Aliandika kurasa mbili na nusu, makosa ya tahajia yapo mengi sana, lakini darasa lilinyamaza aliposoma.

Kwa hivyo walimu wenzangu, kabla kalamu iguse karatasi hebu tumwache mtoto asimulie kwa mdomo, hata kama ni kwa Sheng au kwa Kikuyu au Kiturkana, Kiswahili sanifu kitakuja akishajua anachotaka kusema. Najua madarasa yamejaa na huwezi kukaa na kila mmoja, wapange wawiliwawili waulizane wenyewe, na mmoja akisema "niliogopa" mwenzake amuulize mwili ulifanya nini. Mada kama "siku ya furaha" nayo ni pana mno, mtoto anaanza asubuhi anachoka kabla hajafika kwa jambo lenyewe, mpe saa moja tu, mfano kungoja mama atoke shifti kwa shamba la maua. Na ukifika kwa methali usianze na maana ya juu na ya ndani, muulize nani kwenu hakusikia la mkuu na guu lilivunjika vipi. Rasimu ya kwanza usiijaze wino mwekundu, andika maswali mawili pembeni umrudishie. Tamathali sizikatai jamani, mimi mwenyewe nazipenda, lakini ziingie pale kisa kinapoziita.

Wazazi nao, badala ya kununua kijitabu kingine cha insha, muulize mtoto jioni ameona nini njiani na usimkatize. Hii haiishii kwa mtihani, wale wanaoomba vyuo vya Marekani kwa ile fomu ya Common App wanatakiwa waandike insha ya maneno yasiyozidi 650 kuhusu maisha yao, na vijana wetu wenye alama nzuri kabisa wanakwama hapo kwa sababu hawajawahi kujiandikia kitu chao.

Ombi langu kwako Mhariri ni utupatie hata robo ukurasa kila wiki ya visa vifupi vya wanafunzi, vya kweli, na mwalimu asiruhusiwe kurekebisha chochote isipokuwa tahajia. Mimi niko tayari kutuma vya kwanza muhula huu.

Mwalimu wa Kiswahili,
Naivasha