Akidi ya bakteria

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Barua yako imenifika Ijumaa. Pole sana, na mpe mama pole yangu. Unauliza: kama maabara walisema dawa ile inawaua bakteria, mbona mwezi wa tatu huu kidonda cha mguu hakifungi?

Maabara tunawapima wakiwa wametawanyika. Kwenye kidonda cha kisukari wamejikusanya ndani ya utando wa ute waliojitengenezea wenyewe, na humo wanaweza kuvumilia dawa hata mara 1,000 ya ile inayowaua wakiwa huru. Ni kama ukoga wa meno: utasukutua mpaka uchoke, hautoki mpaka usuguliwe.

Sasa sikia umbea wao. Kila bakteria hutoa vichembe vya kemikali. Wakiwa wachache vinapotea bure. Wakiongezeka, vichembe vinajaa, nao wanajua akidi imetimia, kama kikao cha madiwani. Ndipo wanapomwaga sumu na kuimarisha utando. Mwaka 1970 Kenneth Nealson na wenzake walieleza haya kwa bakteria wa baharini wasiotoa mwanga wakiwa wachache, kisha huwaka kama taa wakishakuwa wengi. Halafu mwaka 1998 ikaonekana kwamba bakteria aitwaye Pseudomonas, huyu huyu anayetusumbua wodini, akinyimwa uwezo wa kutoa vichembe vyake hujenga utando mwembamba, bapa, ambao hata sabuni inausambaratisha.

Kwa hiyo watu wakawaza: tusiwaue, tuwazibe masikio. Wewe uliyemaliza ujana wako Paje ukichambua uchafu kwenye mwani utapenda hili. Pwani ya Australia kuna mwani mwekundu, Delisea pulchra, ambao uchafu haumshiki ovyo. Unatoa kemikali ziitwazo furanoni, zinazovuruga mazungumzo ya bakteria. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Ila furanoni zenyewe ni sumu mno kumpa binadamu.

Najua jirani yenu atakuja na kitunguu saumu. Kweli, watafiti wa Denmark waliona kinavuruga mazungumzo hayo, hata kwa panya. Lakini kidonda si panya, na kitunguu kibichi kinaunguza ngozi. Mama mwenyewe mguu umekufa ganzi, hatasikia kikimuunguza. Kikae jikoni.

Wanaosema dawa za namna hii hazitazaa usugu kwa kuwa haziui, mimi siwaamini sana. Bakteria ni wajanja. Ila nadhani zikipatikana zitafaa kusindikiza antibayotiki, utando ukilegea dawa ipite.

Kwa leo, muuguzi akitaka kukwangua kidonda, mwacheni akwangue. Najua mama analalamika kuwa wanamchimba mguu. Wanachokitoa ndio huo utando, na ukiachwa siku chache unajirudia. Sukari yake imesoma ngapi safari hii? Hukuandika. Na viatu vile vya plastiki, bado anavivaa?

Nisalimie wote.

Wako,
Rukia