Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, karibuni.

Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Ada zimeingia kwa kusuasua kama mwaka jana, na wanaodaiwa wanajijua. Mfuko wa misiba haujaguswa kwa jambo lisilo lake. Hilo nalisema mapema kwa sababu yamenifikia maneno ya chini chini, kwamba kamati imekula fedha za umoja kwa kwenda Helena, mji mkuu wa jimbo hili la Montana, kutazama vyungu.

Kwenda tulikwenda. Na mkinipa kura nyingine nitakwenda tena.

Montana ingeimeza Kivu Kusini kwetu Kongo mara tano na nafasi ikabaki, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,084,225 tu. Tangu familia zetu zilipoanza kuletwa hapa Missoula mwaka 2016, wengi wetu tumeamini kwamba huku ni milima, ng'ombe na baridi, na kwamba sanaa iko New York. Mimi mwenyewe niliwaambia hivyo wanangu. Nimelazimika kuyameza maneno yangu.

Helena tulifika kituo cha wafinyanzi kiitwacho Archie Bray, kwa jina la mwanzilishi wake. Bray alikuwa mtu wa matofali, mwenye kiwanda. Mwaka 1951 aliwafungulia wafinyanzi karakana humo humo kiwandani. Wa mwanzo walikuwa vijana wawili wa jimbo hili hili, Peter Voulkos mzaliwa wa Bozeman na Rudy Autio wa Butte. Mchana walifanya kazi ya matofali, usiku wakafinyanga. Mwaka uliofuata alikuja Shoji Hamada, mfinyanzi mkubwa wa Japani, akafinyanga mbele yao. Voulkos jina lake lilivuka mipaka. Autio alihamia hapa kwetu akafundisha ufinyanzi chuo kikuu miaka mingi, na mimi nimepita nje ya chuo hicho karibu kila siku bila kujua.

Matanuri ya zamani bado yapo, ya mviringo kama mizinga mikubwa ya nyuki, mtu anaingia wima. Lakini niliyemtazama mimi ni mama yetu mmoja, ambaye simtaji jina kwa kuwa ameshaninyooshea kidole. Kule Fizi alifinyanga, kambini Nyarugusu, Tanzania, alifinyanga kidogo, hapa anafua mashuka ya hoteli. Aliomba kidonge cha udongo. Akakifikicha kwa kidole gumba, akakisogeza mdomoni, akakigusa kwa ncha ya ulimi. "Hawa wametia vigae vilivyosagwa," akasema. "Kama sisi." Kijana wa karakana alipotafsiriwa alicheka, akamletea mfuko wa unga wa vigae. Saa nzima walikaa wawili hao, kila mmoja na lugha yake, na sisi wengine tukasahaulika pale mlangoni. Ndugu zangu, miaka minane tumemwita huyu mama kupika kwenye sherehe. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu vyungu.

Kurudi kulikuwa na shida. Gari tulilokodi lilikata joto tukiwa juu mlimani, MacDonald Pass, na mwenye gari hadi leo hajarudisha hata senti. Tulijifunga vitenge juu ya makoti.

Safari ya pili ilikuwa Great Falls, nyumba ya mchoraji Charles Russell. Wazee wachungaji ndio walioipenda hii. Russell alifika Montana mwaka 1880, kijana wa miaka 16, akawa mchunga ng'ombe wa usiku. Majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887 mifugo ilikufa kwa maelfu. Tajiri aliandika kuuliza hali ya ng'ombe wake. Russell akachora kwa rangi, kwenye kikaratasi kidogo kama postikadi, ng'ombe mmoja aliyebaki mbavu amesimama kwenye theluji, mbwamwitu wakimngoja. Hilo ndilo lililokuwa jibu. Mzee wetu alipoelezwa alinyamaza kidogo, kisha akasema barua yake ya kuwapasha ndugu habari za ng'ombe wake walioporwa ilijaa kurasa nne na haikusema hivyo.

Januari mwaka huu alifariki mchoraji Jaune Quick-to-See Smith, aliyezaliwa mwaka 1940 St. Ignatius, mwendo usiofika saa moja kutoka hapa. Mwaka 2020 mchoro wake ulikuwa wa kwanza wa rangi wa msanii Mmarekani wa asili kununuliwa na National Gallery of Art ya Washington. Kazi za wasanii wa asili zimo pia kwenye makumbusho ya sanaa ya mjini kwetu, na kuingia ni bure. Bure, na bado hatuendi.

Kwa Wasalishi, watu wa nchi hii, hadithi za Koyote, mjanja wao mwenye njaa isiyoisha, ndugu wa Sungura wetu, husimuliwa wakati wa baridi tu. Bibi yangu naye alikataza hadithi mchana, akisema tutaota pembe. Kwa hiyo kamati imeamua: usiku wa masimulizi utakuwa Desemba hadi Februari, baada ya giza kuingia, na msimulizi atalipwa kama tunavyomlipa mpiga kinanda. Najua wapo watakaopinga. Tutapigia kura leo.

Watoto wetu wanne walichaguliwa kuigiza na Missoula Children's Theatre, wale wanaozunguka tangu miaka ya 1970 na malori madogo mekundu: Jumatatu wanachagua watoto, Jumamosi wanapanda jukwaani. Wanaosafiri na kundi hilo ni wawili tu, na mavazi yote yamo ndani ya lori.

Sasa kosa langu. Mwezi wa pili mzee wetu mmoja alisimulia hadithi kwa muda wa saa mbili na nusu, kutoka paukwa hadi watoto walipolala. Mimi ndiye niliyeshika simu ya kurekodi. Chaji iliisha dakika ya kumi na moja, na sikuona. Nimemwomba radhi, amekubali kurudia Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kwa sharti kwamba simu ishikwe na mjukuu wake.