GPS ya gari yenye tahadhari ya kamera: uliza orodha kabla ya skrini

Wateja wengi wakija kutafuta GPS ya gari wanaanza na skrini, inchi 5 au inchi 7, na sisi tunawauliza kitu kingine kabisa: orodha ya kamera za spidi iliyomo ndani ya kifaa ina-apdetiwa kila baada ya muda gani, na anayelipia ni nani? Hapo wengi wananyamaza maana wanaamini kifaa kinaiona kamera ya spidi. Hakiioni hata kidogo. Kinapokea mawimbi ya setelaiti, kinajua uko wapi na unaelekea wapi, afu kinalinganisha na orodha iliyomo ndani, kwamba kamera iko hapa, inatazama upande huu, spidi mwisho 80, basi ukikaribia kinalia. Sasa kama kamera imefungwa mwezi jana na orodha yako ni ya mwaka juzi, utapita kimya kabisa na faini itakufuata.

Vifaa vingi vya bei ya chini vimeandikwa kwenye boksi kwamba vinatahadharisha kamera, kumbe orodha ni ile ile ya siku vilipotoka kiwandani. Na ukiambiwa ramani ni bure maisha yote usifurahi haraka, uliza na kamera, maana mara nyingi ramani ni bure ila kamera unalipia kila mwaka.

Kingine ni upande. Kwenye barabara ya njia mbili, kifaa kisichojua kamera inatazama wapi kitakulilia hata kwa kamera ya wanaokuja, kitalia weee mpaka unazima sauti, na ukishazima sauti ndo umenunua ramani tu.

Angalia pia kinalia ukiwa umbali gani. Ukienda 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo tahadhari ya mita 300 inakupa kama sekunde 10, unatoa mguu taratibu bila shida. Ya mita 100 haikupi hata sekunde 4, utakanyaga breki ghafla na aliye nyuma yako ndo balaa. Kifaa kizuri kinakuruhusu kupanga huo umbali mwenyewe.

Kamera za wastani zinawachanganya watu sana. Hizi zinapima umetumia muda gani kutoka kamera ya kwanza hadi ya pili, kwa hiyo kupunguza spidi mbele ya kamera tu hakusaidii kitu. Chukua kipande cha kilomita 10 ambacho mwisho ni 80, unatakiwa utumie si chini ya dakika 7 na nusu, ukitokea upande wa pili kwa dakika 6 umeshajiandikia wastani wa 100, hata kama mbele ya kila kamera ulikuwa unatambaa. Tafuta kifaa kinachokuonyesha wastani wako tangu ulipoingia kwenye hicho kipande, sisi hapo hatupendi mteja abane hela.

Trafiki mwenye tochi yake ya kupima spidi kando ya barabara hayumo kwenye orodha yoyote, taarifa zake zinatoka kwa madereva wenzako, kwa hiyo lazima kifaa kipate intaneti, mara nyingi kupitia simu yako.

Na sheria tafadhali. Kifaa kinachonasa mawimbi ya rada ni kitu kingine, na nchi nyingi zimekipiga marufuku. Ila hata hii ya orodha, Ujerumani na Uswisi dereva haruhusiwi kuitumia akiwa barabarani, na Ufaransa tangu 2012 inakubali kifaa kitaje eneo la hatari tu, si pale kamera ilipo hasa. Kama unavuka mipaka, hakikisha tahadhari inazimika.

Usishtuke GPS ikisoma spidi ndogo kuliko dashibodi, dashibodi zimetengenezwa zisisome chini ya spidi halisi. Ikichelewa kupata setelaiti, kagua kioo cha mbele, vingine vina utando wa chuma unaozuia mawimbi, jaribu kuisogeza karibu na kioo cha kati bila kujiziba macho.

Ikigoma ku-apdeti kwenye kompyuta ilete tuiangalie, na uje na waya wake wa asili, maana waya nyingi za chaja zinapitisha umeme tu, data hazipitishi.